Mlivyoshukuru Unene Wangu

Kisauni, Mombasa
14 Machi 1976

Kwa mwanangu Magdalene,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi hatujambo, ila goti langu la kushoto linanikumbusha umri kila nipandapo ngazi za kanisa. Wewe je, u mzima? Baridi ya huko imepungua?

Nina furaha hata kalamu yaniteleza. Shem, yule mtoto wa Mwalimu Onesmo aliyekwenda huko kusomea uhandisi, amerudi. Alikuja kutusalimu na picha ya Wakenya mliokusanyika Krismasi. Nikavaa miwani. Nyuma kabisa, umejibanza kama mtu ambaye hakualikwa, nikakuona. Magdalene, umenenepa. Mashavu yamerudi, mikono imejaa, shingo imepata mikunjo yake. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani pana posa.

Hujui tulivyoteseka. Ile picha ya mwaka wa sabini, uliyosimama mbele ya hospitali unakofanya unesi, umebaki mifupa na koti, ilitutia hofu kubwa. Wengine walisema ni kifua kikuu. Wengine walisema Wazungu wanakufanyisha kazi bila chakula. Tangu hapo akina mama wa kanisa tumekuombea kila Alhamisi, miaka sita, urudishiwe mwili wako. Basi Jumapili iliyopita tumefanya ibada ya shukrani. Nilipeleka jogoo na mikungu miwili ya ndizi. Jogoo akawika katikati ya Injili, hata pasta akacheka.

Pasta anataka uje Desemba usimame mbele ya watu utoe ushuhuda wa kupona kwako. Niambie utapanda ndege lini.

Mimi shangazi yako,
Zilpah


Erdington, Birmingham
11 Aprili 1976

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimepata barua yako, nashukuru kusikia nyote ni wazima. Mimi pia sijambo. Kazi zinaendelea vizuri. Pole kwa goti, ulikande kwa maji ya moto na chumvi.

Nasikitika kwamba Desemba sitapata likizo. Tafadhali mwambie pasta asiendelee na mambo ya shukrani, wala picha ile isipitishwe kwa watu. Shem hakuwa na ruhusa ya kuileta.

Wasalimie wote.

Mwanao,
Magdalene


Kisauni
2 Mei 1976

Kwa Magdalene,

Hujambo. Sisi ni wazima, goti bado, na maji yako ya moto hayakusaidia.

Umenijibu kama ofisi ya serikali. Nimeisoma barua yako nikageuza karatasi nyuma, nikidhani maneno yenyewe yako upande wa pili. Nani amekuudhi? Tumekushukuria afya, wewe umenuna kana kwamba tumekusengenya.

Sikiliza. Mama yako ana mambo ambayo hawezi kukuuliza, na wewe una mambo ambayo huwezi kumwambia yeye. Ndiyo maana kwetu msichana hupewa shangazi. Ulipovunja ungo ulikuja kwangu. Ulipompenda yule karani wa bandari mwenye meno mazuri na akili haba, ulikuja kwangu. Sasa umevuka maji umeniona mtu wa salamu tu. Nimeumia, nakwambia wazi. Kuna jambo katika picha ile. Liseme.

Shangazi yako


Erdington
18 Julai 1976

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumai goti limepata nafuu. Nisamehe kwa kukawia. Barua hii nimeianza mara nne.

Huku jua linawaka kama kwetu mwezi wa pili. Nyasi zimekauka, watu wanatembea nusu uchi, na mimi ninavaa sweta refu kazini ili wasinione. Juzi nilizirai wodini. Wagonjwa ndio walioniitia msaada.

Mimi sikuugua, Shangazi. Nilikatwa.

Mwaka wa sitini na nane nilikuwa na ratili mia mbili arobaini na tano. Hapakuwa na yunifomu ya kunitosha, zikaunganishwa mbili. Kuna wagonjwa walionicheka huku nikiwaosha. Metroni akasema hanipeleki kwenye mafunzo ya juu maadamu nahema kwenye ngazi. Nilijaribu kufunga, nikajaribu vidonge. Novemba ya mwaka uliofuata nikaenda hospitali nyingine, daktari akanipasua tumbo. Waliunga utumbo mdogo juu na chini, kipande kirefu cha katikati wakakiacha kando bila kazi, ili chakula kipite kabla mwili haujakinyonya. Kwenye fomu waliuliza jina la jamaa wa karibu. Nikaandika hakuna.

Miaka miwili ya kwanza nilikimbilia chooni mara kumi kwa siku. Nilinuka. Nywele zilidondoka. Lakini nilishuka mpaka ratili mia na hamsini, nikaingia dukani nikanunua gauni lililotundikwa pale, kama watu wengine. Ile picha mliyoililia, mimi niliituma kwa majivuno. Nilingoja mniambie nimependeza. Mkaniandikia Zaburi za wagonjwa.

Mwaka wa sabini na tatu mizani ikaanza kupanda. Daktari anasema kipande cha utumbo kilichobaki kimepanuka, kimejifunza kufanya kazi ya utumbo mzima. Hilo ni kweli, lakini si lote. Nikitoka kazini napita kununua chipsi za watu wawili, namwambia muuzaji moja ni ya mume wangu. Nakula zote nimesimama jikoni, sijavua koti. Sijui njaa hiyo inatoka wapi, maana si ya tumbo. Sasa nina mia mbili na kumi. Kilichobaki ni kovu, kuanzia kifuani mpaka kitovuni, na mnanifanyia ibada.

Daktari anaweza kunikata tena, apunguze kile kilichobaki. Tuko wawili. Mwenzangu ni Raksha, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, anakaa Perry Barr. Tulikutana kliniki. Husema nami Kiswahili chake cha dukani, wauguzi hawajui tunacheka nini. Naye alikatwa mwaka mmoja nami, naye amerudi alikotoka. Yeye ataingia Septemba, mimi tarehe kumi na moja Oktoba. Tumeahidiana.

Hakuna mwingine anayejua. Usimwambie Mama.

Mwanao,
Magdalene


Kisauni
8 Agosti 1976

Magdalene mwanangu,

Sijui nianze na salamu gani. Tuseme sisi ni wazima.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho nikiwa nimefunga mlango kwa komeo. Kwanza nilipandwa na hasira. Hakuna, uliandika. Mimi niliyekubeba mgongoni mpaka ukawa mzito kunishinda, mimi ni hakuna. Kisha aibu ikanishika. Miaka sita tumekuombea kile kile ulichokuwa unakikimbia, na tulipokipata tukachinja jogoo. Kama ningejua, ningefunga mdomo Alhamisi hizo zote.

Tena nakiri jambo. Wewe ukiwa na miaka kumi na mitatu, kwenye harusi ya Eunike, nilisema mbele ya watu kwamba ukikalia kiti cha bwana harusi kitadaiwa mahakamani. Watu walicheka sana. Wewe pia ulicheka, lakini wali hukuumaliza. Nimelikumbuka hilo wiki hii nzima.

Pasta nimemwambia umenyimwa likizo. Mama yako hajui lolote.

Lakini kukatwa tena, hapana. Nakukataza. Baba yako alinikabidhi wewe siku alipokata roho, na kwa niaba yake nakukataza. Mwili uliokataa mara ya kwanza utakataa na ya pili, na hapo utakuwa umebaki na nini? Ukitia sahihi, usiniite shangazi tena.

Zilpah


Kisauni
3 Oktoba 1976

Mwanangu,

Hujambo? Kila nikienda posta karani anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Lile neno la mwisho nalifuta. Nililiandika kwa hofu, likatoka kwa ukali, ndivyo nilivyo. Ukikatwa mimi ni shangazi yako. Usipokatwa mimi ni shangazi yako. Ukiwa na ratili mia tano pia. Ila niambie u hai.

Shangazi yako


Erdington
7 Novemba 1976

Shangazi yangu,

Shikamoo. Niko hai. Barua zako zote mbili nimezipata, na ya pili naiweka kwenye mfuko wa yunifomu.

Raksha alikatwa tarehe saba Septemba. Wiki ya kwanza alikaa vizuri, akanitania kwamba yeye atakuwa mwembamba kabla yangu. Wiki ya pili nilimkuta macho yamegeuka manjano. Mimi ni nesi, nikajua ini limeshindwa. Mume wake, Chhotubhai, aliniuliza huo umanjano utaisha lini. Nikamwambia hivi karibuni. Alifariki tarehe ishirini na nane. Nilisimama nyuma kwenye mazishi, nikasikia jamaa zake wakisema maskini, alikuwa na afya nzuri, alikuwa amejaa. Sikuweza kukuandikia.

Utadhani hilo lilinitosha. Halikunitosha. Tarehe kumi Oktoba nilifunga mkoba wangu nikaenda. Walinipima, wakanipa gauni la wagonjwa, wakanilaza kwenye wodi. Asubuhi nesi kijana akaniletea karatasi ya sahihi. Safari hii kwenye jamaa wa karibu niliandika jina lako. Nesi akauliza kwa upole, "Huyu anajua uko hapa leo?" Nikasema anajua, na amenikataza, kisha amenisamehe hata kabla sijafanya. Nikaanza kulia, nikalia kwa ajili ya Raksha na kwa ajili ya tumbo langu, mpaka wakanifungia pazia la kitanda. Daktari akasema hawezi kumpasua mtu aliye katika hali hiyo. Nikaiacha karatasi bila sahihi, nikavaa nguo zangu nikapanda basi.

Usinisifu. Sikukataa kwa ushujaa wala kwa hekima. Niliogopa tu. Na hofu hiyo inapungua kila siku, nakwambia ukweli, wakati mizani haipungui. Wiki hii nimeongeza ratili mbili nyingine. Truphosa wa wodi yangu, mtu wa Kakamega, nimemwambia yote, naye sasa ananingoja tule pamoja mchana kantini. Nikila naye nakula kama binadamu. Siku ambazo hayupo kazini, najua njia ya kwenda kwa muuza chipsi.

Daktari ameniandikia tarehe nyingine, ya ishirini na moja Februari. Sijaikubali. Sijaikataa pia. Kadi iko juu ya meza na kila jioni naisoma.

Kwa hiyo nina ombi. Niandikie kila wiki, kuanzia leo mpaka Februari ipite. Usinipe mawaidha. Andika nani ameolewa, nani amegombana na nani kwenye kwaya, goti linasemaje. Nimejichunguza nikaona kwamba nikiwa na barua yako ninayoingoja, siwezi kutia sahihi kabla haijafika. Zikikatika, sijiamini.

Najua ni mzigo, na macho yako si ya zamani. Usikose hata wiki moja, Shangazi.

Mwanao,
Magdalene