Trekta Dogo la Philemoni

Ngarenaro, Arusha
6 Agosti 1994

Kwa Philemoni,

Salaam. Natumaini wewe na Mama Prosper hamjambo, na baridi ya huko juu haijawaingia kifuani. Sisi hapa wazima. Maulida anakusalimu, na Kauthar anasema shikamoo baba mkubwa. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Alhamisi Maulida alikwenda Sokon One kwa dada yake, akakuona ndani ya yadi ya Saadi. Hakukuona umesimama getini unauliza njia. Alikuona umekaa juu ya trekta, mikono kwenye usukani, unacheka. Anasema trekta lenyewe dogo hata magoti yako yalikaribia kidevu. Nikamwambia amekufananisha, Philemoni akishuka mjini huanzia kwangu, anakunywa chai, ndipo anakwenda kwenye mambo yake. Akanijibu, "Baba Kauthar, mimi Baba Prosper nimfananishe na nani, na koti lile?"

Tangu tulipokuwa vijana kwenye karakana ya lile shamba kubwa la Nduruma, wewe dereva na mimi fundi, ni chuma gani kimeingia kwako bila kupita mikononi mwangu? Pampu, mashine ya kumenyea kahawa, hata baiskeli ya Prosper. Miaka ile ya shida, dukani hakuna hata nati, nani alikuchongea spea kwa vyuma vya kitanda?

Na huyo Saadi ni nani? Alikuja kwangu hajui spana namba kumi na tatu ni ipi. Amelala kwangu, amekula ugali wa Maulida. Leo milango ya nchi imefunguliwa, kila mwenye shangazi Dubai analeta mitumba, naye amekuwa na yadi, bango na simu ya mezani. Usiache mbachao kwa msala upitao, Philemoni. Nijibu.

Jamaldini
(neno ndugu nitaliandika ukishanieleza)


Akheri, Meru
14 Agosti 1994

Ndugu yangu Baba Kauthar,

Amani iwe kwenu nyote. Sisi tunashukuru, ila Mama Prosper mgongo bado unamsumbua. Kahawa imeanza kuiva na watu wa kuchuma hawatoshi. Mwambie Kauthar marahaba.

Maulida ana macho. Nilikuwa mimi. Nilikwenda kuangalia tu, na kuangalia si kununua.

Shamba langu unalijua, limesimama, mteremko mtupu. Juu kuna miti ya marehemu baba, migrevilea na mringaringa, ambayo alituusia tusiimalize. Katikati mibuni na migomba, chini korongo. Ng'ombe wa kulimia walishindwa, na yule dume alivyoteleza mpaka korongoni wewe mwenyewe ulikuwepo. Magogo na kuni anabeba Mama Prosper, na maumivu ya mgongo ndiko yalikotoka. Prosper ameandika kutoka Dar kwamba ninunue trekta, atasaidia. Nataka litakalopita chini ya matawi na kugeuka kwenye matuta bila kung'oa kahawa. Lile trekta lako jekundu la Mwingereza nimeliendesha na ninalipenda, lakini kwangu litaingia mara moja tu, na kulitoa itabidi tukate miti ya baba.

Sikuanzia kwako kwa sababu nilijua utataka kuniuzia lile jekundu, na mimi sijui kukukatalia ukiwa mbele yangu. Twende pamoja Jumamosi ukalione mwenyewe. Fundi ni wewe.

Ndugu yako,
Baba Prosper


Ngarenaro
19 Agosti 1994

Baba Prosper,

Salaam. Wote wazima, Alhamdulillah. Mama Prosper mpe pole, Maulida anamletea mafuta ya kuchua.

Kwa Saadi siendi. Nikiingia pale ataniita "mzee wangu" mbele ya wateja, atanipa soda, ataniuliza maoni yangu kama vile ananitunuku. Soda yake anywe mwenyewe.

Hata hivyo nimepita kwa nje, nimelichungulia. Ni kitu cha kubebea maua. Mjapani amelitengeneza kwa jaruba la mpunga lililo tambarare, Meru hajawahi hata kuiona kwenye picha. Siku litakapokubinukia kwenye mteremko wenu usiseme hukuambiwa. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Lakini kama umeshaamua kuibiwa, ibiwa ukiwa macho. Fika asubuhi mapema, uguse injini kabla hujamsalimu mtu. Ikiwa ya moto, ujue wameiamsha kabla yako ili usiisikie inavyokohoa. Hakikisha magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Ukiuliza spea wakakwambia zipo, waambie wazilete uzishike.

Jana nimeifungua injini ya lile jekundu, nalitia ringi mpya. Sikulazimishi.

Baba Kauthar


Akheri
2 Oktoba 1994

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku, tu wazima, mgongo wa Mama Prosper umepata nafuu kwa yale mafuta.

Nimelinunua. Naandika haraka nisianze kutafuta maneno mazuri. Nilifika alfajiri kama ulivyosema, injini ilikuwa ya baridi kabisa, na ikawaka mara ya kwanza. Magurudumu yote manne yanavuta. Spea nilizishika. Nililiendesha mwenyewe mpaka nyumbani, na kuanzia Tengeru watoto walikuwa wanakimbia nyuma yangu.

Jumapili ya tarehe 16 tunalitolea shukrani kanisani, kisha chakula hapa nyumbani. Mbuzi wawili wapo. Njoo asubuhi uchinje kama siku zote. Noeli, ubatizo wa Prosper, hata msiba wa baba, hakuna mnyama wa nyumba hii aliyechinjwa na mkono mwingine, na ndiyo maana Waislamu wa Ngarenaro na Walutheri wa Akheri wamekula sufuria moja miaka yote hii. Saadi nimemwalika, sikufichi, ndiye aliyeniuzia. Lakini yeye ni mgeni, wewe ni mwenyeji.

Ndugu yako,
Baba Prosper


Akheri
18 Oktoba 1994

Baba Kauthar,

Natumaini mko wazima, maana kitu cha kwanza tulichofikiri ni ugonjwa.

Tulikungoja. Tulitoka kanisani tukasema labda gari limeharibika njiani. Mchungaji Elirehema akaja, akaomba, akakaa. Marafiki zetu wa zamani wa Nduruma walikuwa wameshafika, na mbuzi bado wamefungwa kwenye mgomba. Jua likawa utosini. Mama Prosper akaniita pembeni, akasema watu hawawezi kula ndizi tupu siku ya shukrani. Saadi akasikia. Akavua saa, akanawa mikono, akaomba kisu.

Nilimpa. Nakuambia mwenyewe usije ukaambiwa sokoni. Nyama ililiwa, watu walifurahi, mimi sikushiba. Kwa nini hukuja?

Baba Prosper


Ngarenaro
25 Oktoba 1994

Philemoni,

Salamu sina. Afya yangu usiiulize.

Nilivaa. Kanzu niliipiga pasi tangu Jumamosi, na nilifika stendi. Nikamkuta Saadi na gari lake, anapakia watu wetu wote wa Nduruma. Aliponiona alishuka, akafungua mlango wa mbele, akasema, "Mzee wangu, karibu, kiti chako hiki." Angenitukana ningepanda. Nikamwambia nimesahau kitu, nikarudi nyumbani, nikavua kanzu.

Ndiyo, nina wivu. Nirudie? Nina wivu. Wateja wangu wanakwenda kwake kununua kipya badala ya kuja kwangu kutengeneza cha zamani. Kijana niliyemfundisha ananifungulia mlango wa gari. Hayo yote ningeyameza, na hilo trekta pia, chuma ni chuma, kitachakaa. Lakini kisu cha nyumba yako umempa yeye! Ungengoja mpaka jioni. Ungewapa watu maharage. Ungemtuma mtu anifuate, ningekuja hata kwa miguu.

Sasa una fundi mpya na mchinjaji mpya. Idd usiniletee ndizi. Noeli akuchinjie huyo huyo.

Jamaldini
Fundi, Ngarenaro


Akheri
10 Machi 1995

Kwa Baba Kauthar,

Natumaini mfungo ulikwisha salama na Idd ilikuwa njema. Sisi tu wazima. Mvua zimeanza kugonga huku juu, chini kwenu sijui.

Ndizi nilileta ingawa ulikataza. Kauthar alinirudishia mlangoni, mtoto wa watu analia, na wewe nakusikia unakohoa chumbani. Nikazibeba nikarudi nazo. Noeli hatukuchinja. Tulikula maharage, majirani wakasema Philemoni tangu apate trekta amekuwa bahili.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikukuambia mwezi wa nane. Nilisema sikuanzia kwako kwa sababu ya lile jekundu. Hiyo ilikuwa nusu.

Unajua hapa Akheri mashine yangu ya kahawa inaitwaje? Ya Jamaldini. Watu wanabeba kahawa yao, wanaambiana, "Twende tukamenye kwa Jamaldini," na wanakuja kwangu! Ile pampu ni ya Jamaldini. Nduruma nililima mimi, mchana kutwa, vumbi mpaka kwenye meno, lakini jioni aliyesifiwa ni aliyelitengeneza trekta. Nakupenda, na sijawahi kukusema vibaya, lakini nimeishi kwenye shamba langu kama mlinzi wa vitu vyako. Wivu unaousema wewe mimi ninao tangu ujana. Nilitaka chuma kimoja tu ambacho mtu akikiona aseme ni cha Philemoni. Kwa hiyo nilikupita.

Sikia nilichopata. Trekta linalima, linapita chini ya mringaringa bila kugusa jani, linateremsha magogo, Mama Prosper hajabeba kuni tangu Oktoba. Na kijiji kizima kinaliita Saadi. "Saadi huyo anapita." "Baba Prosper, niazime Saadi anibebee mawe." Hata Mchungaji. Juzi mke wangu mwenyewe ametoka bandani ananiambia Saadi ameishiwa dizeli. Nilikaa chini nikacheka, halafu kicheko kikaisha nikabaki nimekaa.

Nimepoteza rafiki na jina sikulipata. Sikuombi uje. Nimeona tu ujue.

Philemoni


Ngarenaro
19 Machi 1995

Ndugu yangu Baba Prosper,

Salaam kwako, kwa Mama Prosper na kwa Prosper ukimwandikia. Mimi mzima wa mwili. Maulida tangu siku ya zile ndizi ananipakulia chakula bila kunitazama, na Kauthar ndiyo kabisa. Wote wawili wanakusalimu.

Barua yako imenichekesha mpaka Maulida akaja kuangalia, kisha wivu ukanipanda upya. Linaitwa Saadi! Mimi nimetengeneza vyuma vyenu nusu ya umri wangu, yeye ameuza kimoja, tena alicholetewa na meli.

Na mimi nina langu. Mwezi wa pili nilikuja Akheri, nikiwa nimefunga, Mungu anisamehe. Nilisimama barabarani nyuma ya duka la Lemburis, nikakuona unateremka na tela la magogo. Nilikuja kuliona likibinuka. Wewe usiumie, hapana, lakini libinuke, ushike kiuno, uniite. Halikubinuka. Magurudumu yamegeuzwa upande wa nje ili lisimame kwa upana, na hilo Saadi sikumfundisha mimi. Nilitafuta kosa mpaka baridi ikanishinda, nikapanda gari la kurudi bila kukusalimu. Trekta ni zuri, Philemoni. Umechagua vizuri. Maneno haya usimwonyeshe Saadi.

Lakini lile la mashine ya kahawa limenikalisha macho. Nilikuwa nikisikia "ya Jamaldini" kichwa kinavimba, na hata siku moja sikujiuliza wewe unasikiaje. Ulikuwa umesimama pale pale, na mimi nacheka nao.

Jumamosi nakuja, kwa gari la abiria. Spana zote naziacha hapa, hata bisibisi ninayotembea nayo mfukoni. Boneti usinifungulie. Utaliwasha wewe, utaliendesha wewe, mimi nitakaa nyuma kwenye tela pamoja na magogo, tupite sokoni, tupite kanisani, tupite kwa Lemburis. Na likizima katikati ya watu wakaanza kuniita, "Jamaldini, shuka utuokoe," sitashuka. Nitakaa na mikono mfukoni mpaka uliwashe mwenyewe, hata kama sauti yake itaniambia waziwazi kasoro ni nini. Itanitesa, unanijua. Lakini nitakaa, na atakayeniuliza mimi nafanya nini pale juu, nitamwambia nimepewa lifti na mwenye trekta.

Ndugu yako,
Baba Kauthar