Nilicheza kwa Jina Lako

Kisangani, commune ya Tshopo
Jumapili, baada ya misa

Mdogo wangu Clarisse,

Nakusalimu kwa upendo wote niliobaki nao. Mko namna gani huko Banalia? Mguu wa mama bado unavimba akitoka shambani? Mvua imewaachia barabara, au mmefungiwa tena? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Nakula, nalala, sina homa. Habari ya moyo ndiyo iliyonikalisha chini kuandika.

Najua utashangaa kuona karatasi, sisi ni watu wa simu. Nimekupigia mara tatu wiki hii. Kila uliponiita mimi dada yako, "Allô, yaya?" nilikuuliza habari ya mihogo, halafu nikakata. Kwenye karatasi siwezi kukata. Anayekuletea ni Papa Lambert, yule anayepakia chumvi na sabuni kwenye pikipiki kuja kwenu. Nimemwomba akupe mkononi mwako, asimwachie mtu mwingine.

Clarisse, yule mtu uliyeniomba nikutafutie, yule anayecheza katika timu ya Nyuki kwa jina lako, ni mimi.

Sasa limeandikwa. Acha nikueleze tangu mwanzo, maana una haki ya kujua jina lako limepita wapi.

Timu yetu haikuzaliwa uwanjani. Ilizaliwa nyuma ya soko, Jumamosi asubuhi, saa za salongo, wakati biashara zinafungwa mpaka kila mtu afagie mbele ya meza yake. Mimi nilikuwa nauza makemba, zile ndizi za kupika. Meza ya jirani ilikuwa ya Mama Hortense, muuza pondu, majani ya mihogo, aliyecheza mpira zamani shuleni kwa masista. Tulikuwa tunamaliza kufagia upesi, tunabaki kungoja. Siku moja akaja na mpira ulioshonwa kwa uzi wa nyavu, akauweka chini, akatuuliza, "Bon, tutakaa tu kusengenya watu mpaka saa ine?"

Tulicheza na vitenge vimefungwa kiunoni. Wanaume wa toleka, wanaobeba abiria kwa baiskeli, walisimama kutucheka. Mmoja akasema, "Angalia hawa bamama, wanavuma sawa nyuki!" Mama Hortense akamjibu, "Asante papa, umetupatia jina." Jezi za kwanza zilikuwa fulana za kampeni tulizogeuza ndani nje ili sura ya mgombea isionekane. Kwenye goli alisimama Antoinette, binti wa wavuvi wa kule kwenye maporomoko. Mikono yake ilizoea kuvuta mitego ndani ya maji makali, kwa hiyo mpira haukumponyoka kirahisi. Hata hivyo mechi ya kwanza tulifungwa saba na wasichana wa shule moja ya Kabondo. Tulirudi kwa miguu tukiwa tumejaa tope, tunacheka mpaka mbavu zikauma. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Mengine unayajua kwa sababu nilikusimulia mwenyewe. Mfanyabiashara mmoja wa mchele alituandikisha kwenye ligi ya mkoa. Wasichana wakaanza kutoka Yanonge na Isangi kuja kujaribiwa. Waliotucheka wakaanza kulipa kiingilio. Wakanichagua kuwa kapita, kiongozi wa timu uwanjani, na hapa mjini mpaka leo wengi hawajui jina langu lingine. Halafu siku moja Mama Hortense akatuita, akatuambia kwamba Nyuki inakuwa timu ya kazi kamili: mikataba, basi, daktari, mshahara kila mwezi. Tulipiga vigelegele mpaka watu wa nyumba za jirani wakatoka kuuliza nani ameolewa.

Lakini wale wenye kutoa pesa waliweka sharti. Hakuna mchezaji mpya wa mkataba kupita miaka ishirini na mitano. Mimi nilikuwa na ishirini na tisa. Antoinette alikuwa amenipita kwa miwili.

Sekretere wa timu alituita sisi wawili, akafunga mlango. Mtu mpole sana, anaongea kama anayekukaribisha chai. Akasema, "Karatasi inaweza kuzaliwa upya. Kwenu hakuna mudogo?"

Antoinette hakungoja hata amalize. Alisema, "Miaka yangu nimeikula miye mwenyewe. Siwezi kuitapika." Akaweka glavu zake juu ya meza ile, akatoka, akarudi kuuza samaki wa moshi. Mimi nilibaki nimekaa. Nilikuwa nakuwaza wewe, Clarisse, wewe uliyekuwa na miaka ishirini, wewe ambaye wakati ule hukuwa umegusa mpira. Nilijiambia jina lako limekaa bure kijijini, halimfai mtu. Ndivyo nilivyojiambia.

Mwezi uleule papa alifariki. Unakumbuka nilifika siku ya pili ya matanga, mkanipokea kwa kilio. Wakati ninyi mko nje na wanakwaya, mimi nilikuwa nimepiga magoti chumbani mbele ya sanduku la bati la mama, natafuta cheti chako cha kuzaliwa. Mama aliingia akanikuta nacho mkononi. Nilimdanganya kwamba nakutafutia nafasi ya masomo hapa mjini. Mama yetu, mjane wa siku mbili, akaniwekea mkono kichwani akanibariki.

Misimu mitatu nimecheza kwa cheti hicho. Redioni walinitaja "Kapita" tu, kwa hiyo mlinishangilia bila kujua lolote. Lakini kabla ya kila mechi tunapanga mstari, mwamuzi anashika kadi zetu, anaita mmoja mmoja. Anaita jina lako, mimi naitika "Présente." Mara ya kwanza ulimi ulikauka. Mara ya tano haukukauka tena. Msimu wa pili nilikuwa naitika kama mtu aliyebatizwa hivyo, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Na wewe kumbe ulikuwa unanifuata. Ulikusanya wasichana pale kiwanja cha paruasi, nyuma ya kanisa, ukawa unaniuliza kwa simu namna ya kukaba, namna ya kupokea mpira kwa kifua. Nilikufundisha kwa moyo wote. Sikufikiri hata siku moja kwamba utafika mahali pa kuhitaji jina lako.

Wiki tano zilizopita ulinitumia sauti. Nimeisikiliza mara nyingi, naijua kwa kichwa. "Yaya, timu ya Kindu wamenichukua! Lakini ligi wanakataa kunipa kadi. Wanasema Clarisse wa tarehe hii, wa mama huyu, iko tayari anacheza kwa Nyuki. Yaya, si ni timu yako? Nitafutie huyo mutu. Ni mwizi." Nilikujibu neno moja: "Nitafuatilia."

Sikufuatilia kitu. Nilicheza mechi mbili. Ya pili nilifunga goli, wenzangu wakanirukia mgongoni, na mimi nikacheka nao.

Nilivunjika sokoni, siku ya kawaida tu. Nilikuwa nimezoea kuzunguka upande mwingine ili nisipite mbele ya meza ya Antoinette. Siku hiyo aliniona kwanza, akaniita. Hakuwa na kinyongo. Alinifungia samaki wawili kwenye jani, akauliza, "Mudogo wako iko namna gani? Watu wa Banalia wanasema anajua mupira kukupita." Niliweka samaki chini nikalia mbele ya wateja. Nilipomweleza, alisema tu, "Basi unangoja nini hapa kwangu? Miye siko ligi."

Nilienda kwa Mama Hortense. Siku hizi ana ofisi yenye feni, ndiye anayeongoza timu. Nilisema yote. Akasema, "Sikukuuliza siku ulipoleta cheti kile kwa sababu nilikuhitaji. Donc, kosa ni letu wawili. Lakini ukisema leo, watatunyang'anya pointi zote. Hawa mabinti watakula nini? Imebaki mechi ine. Tumalize kwanza."

"Na Clarisse?"

"Clarisse iko mutoto bado. Atangoja."

Na mimi nilikubali. Usinihesabie kwamba nilijitetea, wala kwamba nilikutetea. Nilitoka pale nimefurahi kidogo, kama mtu aliyeambiwa na daktari aje kesho.

Asubuhi ya mechi iliyofuata ukanitumia ujumbe mwingine. Hukulalamika. Uliandika, "Yaya, usihangaike na mambo yangu, najua uko na mechi. Leo uwafunge." Nikavaa viatu. Nikapanga mstari. Uwanja ulikuwa umejaa mpaka juu ya ukuta. Mwamuzi akaita jina lako. Akaita tena. Naomi, winga wetu mdogo kutoka Isangi, alinigusa kwa kiwiko. "Kapita, wanakuita."

Nikasema, "Hayuko. Clarisse iko Banalia. Miye naitwa Georgine, ni dada yake."

Mwamuzi alidhani sikusikia vizuri. Ilibidi niseme mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi, na safari hii wote walisikia.

Ukiniuliza kama nilijisikia mwepesi, sikujisikia. Nilitolewa kwa mlango wa nyuma, na jezi mwilini, na watu wa toleka ambao siku hizi wanatupenda walinitazama nikipita, hakuna aliyeniambia panda. Timu ilinyang'anywa pointi za msimu huu. Walikuwa waende Kinshasa kwa fainali, hawaendi. Mimi nimefungiwa miaka miwili, na kwa umri wangu wa kweli maana yake nimemaliza. Sekretere amewaambia watu wa ligi kwamba alidanganywa na mimi, hakujua lolote. Mama Hortense alisema alijua. Ameomba kukaa pembeni mpaka ligi iamue.

Wasichana hawajanitukana. Ningependa wanitukane. Naomi alikuja sokoni Ijumaa. Vile viatu nilivyomnunulia alipofika mjini bila kitu, alikuwa ameviosha na kuvikausha, akavipanga juu ya meza yangu katikati ya makemba, akaondoka. Siku hiyo sikuuza. Sikuweza kuvisogeza.

Lakini timu haikufa, na hilo lazima nikuambie, maana ulikuwa unaipenda. Mazoezi yanaendelea. Wamemwita Antoinette awafundishe walinda goli, na amekubali, ila ameweka sharti lake: kila msichana aje na mzazi au mlezi wake na karatasi yake, zisomwe mbele ya wote. Nasikia wasichana wanamwogopa kuliko walivyoniogopa mimi. Mimi siendi. Nauza tu.

Sasa mambo yako. Ndani ya bahasha hii kuna cheti chako. Kuna na barua ya ligi inayosema jina lako liko huru. Niliisimamia siku nne nzima kwenye benchi la ofisi yao mpaka wakaandika. Lakini mdogo wangu, nilipofika na barua hiyo, waliniambia kuandikisha wachezaji kwa msimu ujao kulifungwa wiki iliyotangulia. Ungepata. Kama ningefungua mdomo siku uliponiuliza, leo ungekuwa Kindu. Msimu wako mmoja nimeula mimi, wewe ukiwa unaniombea nifunge magoli.

Nilimpigia mwalimu wa timu ya Kindu nikamweleza mwenyewe. Alinisema vibaya, na alikuwa na haki. Mwishoni akasema atakuangalia tena uandikishaji ukifunguliwa. Hakuahidi, na mimi siwezi kukuahidi kwa niaba yake. Endelea na mazoezi. Mguu wako wa kushoto bado ni mvivu, Clarisse, upige ukutani kila siku. Samahani. Sina haki ya kukufundisha kitu, lakini hilo ni kweli.

Nisalimie Tonton Bernard, mdogo wa marehemu papa, anayevusha watu Aruwimi kwa mtumbwi, mwambie dawa yake ya macho nimempa Papa Lambert. Nisalimie Mama Charlotte, dada mkubwa wa mama, na mke wa kaka yetu na mtoto wake mpya ambaye bado sijambeba. Nisalimie koko, bibi yetu, umwambie kwa sauti kubwa sikioni kwamba bado nasali. Na wale wasichana wa kiwanja cha paruasi, waambie ukweli wote kunihusu. Wasije wakasikia kwa mtu mwingine.

Mama usimsomee barua hii. Mwisho wa mwezi huu napanda kuja, na nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu, nimekaa chini mbele yake, kuhusu karatasi niliyoiba na baraka niliyoichukua kwa uongo. Akinifukuza, nitalala kwa Tonton Bernard.

Utajiuliza kwa nini kwake nakuja na mguu wangu, na kwako nimetanguliza karatasi. Ni kwa sababu wewe ndiwe ninayekuogopa.

Dada yako,
Georgine