Mama Mkwe Anauza Chai Karibu na Baiskeli Yangu

Mama Perez mpendwa,

Naomba msaada, lakini kabla ya msaada naomba kutangaza rasmi, mbele yako na mbele ya wasomaji wa gazeti hili kuanzia Busia mpaka Migori, kwamba soksi ya mguu wa kushoto imenishinda. Ya kulia naiweza. Ya kushoto, mguu ukiwa umelowa maji ya ziwa, inakwama kisiginoni na kujikunja kama chapati, na mimi nabaki nimesimama kwa mguu mmoja huku wenzangu wakipotea na baiskeli zao. Nimeijaribu siku kumi na moja. Nimechoka nayo.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na miwili, kwetu ni Bungoma, nakaa Nyalenda na mke wangu Agneta na watoto wawili, na ni kibarua katika kiwanda cha samaki hapa Kisumu, kazi yangu ni kupasua mbuta, na ukibarua huo nimeufanya miaka sita, kila asubuhi nasimama langoni nisijue kama nitaitwa au nitarudi nyumbani kumwangalia Agneta usoni, na ndiyo sababu mwezi uliopita Bwana Shitanda, ambaye ndiye afisa wa wafanyakazi na ndiye mkuu wa michezo, aliposimama juu ya kreti akasema kutakuwa na mashindano yanayoitwa traiathloni, na kwamba kibarua yeyote atakayemaliza ndani ya saa mbili jina lake litaangaliwa kwa kazi ya kudumu, niliinua mkono kabla hajaeleza traiathloni ni nini.

Ikawa ni kuogelea mita mia nne pale Dunga, ukitoka majini uchukue baiskeli uende Nyamasaria na kurudi mara mbili, halafu uiache baiskeli ukimbie mpaka uwanja wa mpira, na saa haisimami katikati, hata ukiwa unavaa soksi inakuhesabia tu. Kuogelea nilijifunza utotoni mto Nzoia, kichwa juu muda wote, na Khaemba, tunayepasua naye samaki meza moja, anasema naogelea kama mtu anayetafuta ndugu yake sokoni. Baiskeli ni ile nyeusi nzito yenye keria, na kwa kuwa tuko kumi na wanne na zote ni nyeusi nzito zenye keria, siku ya kwanza niliondoka na ya Khaemba mpaka karibu na Nyamasaria ndipo nikahisi kiti si changu. Nikishuka, miguu inakuwa ya mtu mwingine. Nakimbia kama nimefungwa magunia magotini.

Lakini hayo yote ni madogo, Mama Perez, na yangekuwa hayo tu nisingekusumbua.

Jumamosi iliyopita tulifanya jaribio kamili, Bwana Shitanda akiwa na saa na daftari, na tukaambiwa baiskeli zipangwe ufuoni karibu na wauza chai. Nikaingia majini na wenzangu, nikajitahidi, nikamaliza wa sita, na kwa mtu wa Bungoma hiyo si haba. Nikasimama maji yakiwa kiunoni, nimevaa kikaptura kimoja cha zamani ambacho kikilowa hakifichi kitu, nikapangusa macho ili niitafute baiskeli yangu, na kando ya baiskeli yangu, hatua tatu tu kutoka kwenye usukani, akiwa ameketi kwenye kigoda anamimina chai, alikuwa mama mkwe wangu.

Jina lake sitaliandika, unajua. Anakaa Kaloleni kwa mtoto wake wa kiume na mimi nilijua anauza chai, ila nilijua anauzia kwenye kituo cha basi, kumbe mwezi huu amehamia Dunga. Kwetu mkwe hata njia moja hatupiti. Nikimwona anakuja naingia kichakani, na hapo nikiwa nimevaa koti. Sasa fikiria mimi na kile kikaptura. Nilichofanya ni kugeuka na kurudi majini mpaka shingoni.

Nilikaa humo robo saa nzima. Wote walitoka, wote wakapanda, wote wakaondoka. Na yeye pia alikuwa ameniona, kwa sababu alijifunika leso kichwani akageukia nyavu zilizoanikwa, akabaki hivyo, wateja wakimwita mama chai, mama chai, na yeye hageuki. Oduor, mwenye ile mashua ya kutuangalia tusizame, alinikaribia polepole na kasia lake.

"Omera, umeshikwa na nini?"

"Sijashikwa."

"Basi umeshika nini?"

Nikamwambia aangalie ufuoni, yule mama mwenye leso ni mkwe. Oduor akaangalia, akaniangalia, akavua kofia, na kwa sababu Wajaluo nao wana heshima hiyo hakucheka mpaka alipofika mbali kidogo. Alinipeleka na mashua mpaka upande wa pili, nikarudi nyumbani kwa miguu nimejifunga turubai lake, na kwenye daftari la Bwana Shitanda mbele ya jina langu pameandikwa: "Anachelewa sana kubadilisha."

Tangu siku hiyo nimejaribu kuogelea na suruali ndefu na shati, kwa ajili ya heshima, na nusura niingie gazetini ukurasa mwingine. Nikamwomba Agneta akamwambie mama yake asije siku ya mashindano. Agneta alikuwa anachambua dagaa wa omena na hakuinua kichwa.

"Watu mia tatu watakuja kuwatazama mkilowa, na wote watataka chai," alisema. "Unataka nikamwambie mama afunge biashara kwa sababu wewe huna shati?"

Nikasema si shati, ni heshima. Akasema heshima imeshaonekana yote, mpaka mgongoni, na mama amerudi Kaloleni hana hamu ya kula, na swali alilouliza ni moja tu, kama kiwanda ndicho kilichotuvua nguo au tulivua wenyewe. Tangu hapo Agneta ananipakulia chakula bila kunisemesha.

Mashindano ni wiki tatu kutoka leo. Nikijitoa, nafasi niliyoingoja miaka sita imekwenda. Nikitoka majini mbele ya mkwe mara ya pili, sijui nitaingia vipi katika nyumba ile tena, hata kwenye msiba. Silali vizuri, mabega yananiuma, viatu vimenitia malengelenge. Nishauri mimi nifanye nini, na kama unajua dawa ya soksi pia sitakataa.

Wako aliyechoka,
Wepukhulu, Nyalenda

MAMA PEREZ ANAJIBU

Wepukhulu,

Jina la kiwanda chako nimelifuta, utashukuru baadaye. Pole kwa miaka sita. Kwa ile robo saa ya majini sina pole, na nitakuambia kwa nini, lakini tumalize ya miguu kwanza.

Soksi usivae. Nani alikuambia uvae? Paka mafuta mazito ndani ya kiatu, kisiginoni na mbele ya vidole. Toa kamba za viatu, weka lastiki ya kushonea, mguu uingie mara moja kama kwenye ndara. Malengelenge utapata, ila utayapata ukiwa njiani na si ukiwa umesimama kwa mguu mmoja. Baiskeli ifunge kitambaa chekundu kwenye usukani, na uiweke ikitazama barabara. Mtu mzima hawezi kuiba baiskeli ya rafiki yake mpaka Nyamasaria halafu aseme ni bahati mbaya.

Majini, tia uso ndani utoe pumzi humo humo, ugeuze kichwa uvute nyingine. Jifunze mahali unapogusa chini, asubuhi, kabla maji hayajachafuka. Ukiinua kichwa, miguu inazama, na wewe unavuta mzigo wako mwenyewe. Na miguu ya mtu mwingine baada ya baiskeli ni ya kila mtu, si ugonjwa. Kila ukishuka baiskeli, hata umetoka dukani kununua sukari, kimbia papo hapo dakika tano. Majirani watasema. Waache. Ukikaribia kumaliza baiskeli, kanyaga kwa wepesi, usimalize nguvu kwa kuwaonyesha watoto wa shule.

Suruali ndefu ikaushe uende nayo kanisani. Tafuta kitambaa cheusi chepesi, kishonwe kaptura ya kufika magotini, na fulana yenye mikono. Uingie navyo majini, upande navyo, ukimbie navyo, usibadilishe chochote ila viatu. Hapo umeokoa dakika nne, na aibu nusu.

Sasa ile nusu nyingine. Mimi pia ni mama mkwe wa watu, kwa hiyo usinieleze. Umeandika kurasa nne juu ya shingo yako na maji, na mstari mmoja juu ya mama aliyekaa robo saa akitazama nyavu, jiko linawaka, chai inakauka, wateja wanakwenda kwa jirani, ili wewe upate kutoka. Hukutoka. Alikuwa anakupa njia, bwana, na wewe ukaelea. Aliyeharibiwa Jumamosi ile ni yeye. Mtafutie blanketi zuri, alipeleke Agneta pamoja na yule shemeji yako wa Kaloleni, na maneno yawe machache: samahani kwa chai. Usiandike barua. Umeonyesha huwezi kufupisha.

Na kuhusu siku yenyewe, umefikiria kujitoa, umefikiria kuzama na suruali, umefikiria kumfukuza mama wa watu kwenye biashara yake. Umejiuliza, kati ya jiko la mkaa na baiskeli kumi na nne, ni kipi chenye magurudumu? Nenda kwa Bwana Shitanda kesho, si keshokutwa. Mwambie baiskeli zikipangwa karibu na chai, wateja watawaangusha. Ni kweli, na hana haja ya kujua zaidi. Zipangwe ng'ambo ya mashua zilizoegeshwa ufuoni, hatua hamsini. Akikataa, Oduor avute mashua moja nchi kavu siku hiyo, ailaze kwa ubavu kati yako na kigoda. Mtu aliyekuazima turubai atakuazima na mashua. Ukitoka majini tazama kulia, mama atazame wateja wake, na kila mtu afanye kazi yake.

Agneta mwambie haya usiku huu, ukiwa umekaa, ukiwa umeshika omena mojawapo na wewe unachambua. Atakusemesha kabla sinia halijaisha.

Halafu shindana, umalize. Ila asubuhi zile ambazo hujaitwa langoni, usirudi kulala, zunguka uulizie kazi kwingine. Hilo neno "litaangaliwa" lilinisumbua tangu niliposoma barua yako, nikaona nisijibu kabla sijauliza. Kampuni yenu ilifanya mashindano haya mwaka jana katika tawi lake la Homa Bay, kwa ahadi hiyo hiyo. Walimaliza watu tisa. Aliyeshika nafasi ya kwanza anaitwa Gordon, alitumia saa moja na dakika ishirini na mbili, akapigwa picha na meneja.

Bado ni kibarua.