Kwa Aliyeshinda

4 Juni

Kwa mke mwenzangu,

Umeshindaje huko? Mimi nimeshinda nikifua mashuka ya nyumba ya wageni kama kawaida. Magoti yanapiga kelele lakini bado yananifikisha bombani. Babu yako, yule mume uliyeninyang'anya, hajambo huko kaburini. Hajalalamika.

Simu unajua siisikii, nasikia mikwaruzo tu, kwa hiyo anaandika fundi viatu wa hapa mlangoni. Nimemwapisha aandike ninachosema, asinipambie. Barua iliyopita aliandika "nakutakia afya njema." Mimi nilisema "kula."

Yako amenisomea mara tatu. Kwamba chama cha waogeleaji kitakupa medali mbele za watu, na picha yako imetundikwa pale bwawani, kubwa kama mlango, imeandikwa ALIYESHINDA KIFAFA. Nilikaa chini. Nimecheka, nimelia, fundi naye kakodoa macho kama hajawahi kuona bibi kizee akilia.

Ila neno lile linanikereketa. Ugonjwa ule hukuushinda, mama. Umeshinda nao tu, kutwa, mimi na wewe, tangu ukiwa na miaka sita. Nikiona vidole vyako vinachuna pindo la gauni, naacha shuka kwenye beseni, nakulaza ubavu, nakuwekea nguo chini ya kichwa, nangoja urudi. Lile gauni la njano pindo nimelishona upya mara ngapi? Miaka miwili bila kuanguka si haba, nashukuru. Lakini nijibu mawili kwanza, ya medali baadaye. Vidonge unameza, asubuhi na jioni? Na yule dada anayesimama ukingoni kukuangalia ukiwa majini, bado yupo?

Bibi yako

19 Juni

Shikamoo Bibi,

Natumaini magoti yamepoa. Mimi nipo, kula nakula, mwambie fundi aandike hivyo hivyo.

Yule dada hayupo tangu Aprili. Kocha alisema mtu aliyepona hahitaji mlinzi.

Bibi, hapa mwapishe fundi tena. Jumanne nilianguka. Ni bafuni, si bwawani. Nakumbuka nilikuwa nimeshika taulo, basi. Nilipozinduka mdomo umepasuka. Wenzangu nimewaambia niliteleza kwenye sabuni, wakanicheka, nami nikacheka. Kidonge cha jioni nilikuwa nakiruka, kwa sababu nikikimeza, asubuhi yake mikono inakuwa mizito, nachelewa majini, saa yangu inaharibika. Sasa nimerudia kumeza.

Usimwambie mtu. Sherehe ni Jumamosi tarehe 6. Wameandaa niogelee mbele ya wageni, kwenda na kurudi, bwawa zima peke yangu. Ikishapita nitasema mwenyewe. Tangu utoto watu wananikumbuka nikiwa chini, gauni limelowa, wamenizunguka. Niache mara moja tu wanione nikiwa juu.

Mjukuu wako

26 Juni

Mjukuu wangu,

Leo sikuiti mke mwenzangu. Sijambo, na sitaki kuulizwa magoti.

Fundi ameandika hapo juu "nimesikitika," nimemfutisha. Nimekasirika. Umeruka vidonge kwa ajili ya saa? Saa ya nini, unakimbilia wapi?

Haya, hasira imeisha, imebaki hofu, na hofu yenyewe haina pa kwenda. Mikono yangu inaishia hapa kwenye beseni. Mashuka nafua, nafua, nagundua lile lile nimelifua mara mbili. Sikiliza. Kwenye gauni nilikuwa naona vidole, najua. Hiyo nguo ya kuogelea ina pindo? Haina. Utachuna maji, na wageni watadhani unawapungia mkono, watapiga makofi.

Mwambie kocha. Mwambie wewe, kwa mdomo wako uliopasuka. Kisha niandikie nijue. Nangoja mpaka Alhamisi ya kabla ya sherehe. Usiponiandikia

Fundi ananiuliza amalizie nini hapo. Sijui. Aache hivyo hivyo.

Bibi yako

5 Julai

Mjukuu wangu,

Umeamkaje? Barua haikuja. Jana nimekaa kwenye kigoda cha fundi mpaka amefunga kibanda, halafu nikamwambia fungua tena, piga ile namba ya kocha uliyoandika nyuma ya picha uliyoniachia.

Nimesema mimi mwenyewe. Kwa kuwa sisikii, nilipiga mayowe, mtaa mzima sasa unajua habari zako, nisamehe kwa hilo. Fundi akawa ananirudishia maneno ya kocha. Kocha akasema, "Bibi, mabango yameshachapishwa."

Nikamwambia, "Basi litie bango majini, liogelee."

Akasema sawa, hutaingia majini.

Nimekuvunjia siri yako, na ningeivunja tena. Nichukie. Nichukie unavyotaka, ila unichukie ukiwa unapumua.

Bibi yako

14 Julai

Bibi,

Shikamoo.

Nilivaa nguo kavu. Mwenyekiti wa chama alisoma hotuba ile ile, hakubadilisha hata neno: aliyeshinda, aliyeshinda. Kocha aliwaambia wageni nina mafua. Bwawa lilikuwa limetulia nyuma yangu, hakuna mtu ndani. Walipiga makofi mengi. Vidole vyangu vilikuwa vinachuna utepe wa medali, na sijui kama ulikuwa ugonjwa au hasira.

Nimeambiwa nifungashe, niondoke kambini. Huko siji. Nitakuwa tena mtoto wa kulazwa ubavu. Usinitafute.

Mjukuu

2 Septemba

Kwa mke mwenzangu,

Umeshindaje? Hii ni barua ya nne tangu uondoke kambini. Kocha anasema nizitume kwake, atakuwekea, labda utapita siku moja. Mimi nipo. Kidonge chako cha jioni, kile ulichosahau kwenye droo hapa nyumbani, kila jioni nakiangalia. Ndiyo kazi niliyobakiwa nayo.

Leo kimekuja kifurushi. Fundi amekigeuza huku na huku, hakuna anwani, hakuna barua. Ndani kuna medali, imefungwa kwenye kitambaa cha njano. Fundi akasema, "Bibi, pole, hakuandika kitu."

Ameandika. Fundi ndiye hajui kusoma. Ni pindo la gauni lako, nimelitambua kwa uzi wangu mweupe. Umelikata ukaniletea, na nyuzi zote zimechunwa, upande mmoja mpaka mwingine. Nililishona zima kabla hujaenda kambini. Najua zinachukua siku ngapi kuchunwa hivyo. Tena najua hukuzichuna kwa hasira.

Nani anakulaza ubavu?

Nimemwambia fundi anisomee basi yale maandishi kwenye medali. Akavaa miwani akasoma: "Kwa aliyeshinda."

Nikamuuliza, ameshinda wapi? Ameshinda na nani? Ameigeuza nyuma, kuangalia. Anasema haikuandikwa.

Bibi yako, nimeshinda hapa