Duara la Wasiompinga Bosi

Jumatano, Kibiti

Leo kwenye semina ya kazini, na makofi nikapiga! Mkufunzi mgeni alibandika ukutani maduara ya nchi zilizopangwa kwa tabia za kazi. Nchi yetu kaitia kwenye duara la wasiompinga bosi. Hasira zilinipanda. Nani kamwambia sisi waoga? Lakini mkono sikunyoosha.

Halafu bosi akatangaza: kesho asubuhi sote tunakwenda Kiongoroni kwa boti ya mradi, kupanda mikoko. "Kuna mwenye neno?"

Tukakusanya madaftari, tukatoka.

Nje, Mzee Shomari, nahodha wetu, akanivuta pembeni. "Mwanangu, boti ina ufa chini. Nimezibaziba tu, na kesho ni bamvua, maji yatakuja kwa nguvu. Mwambie wewe uliyesoma."

"Mbona hukusema mle ndani?"

"Nimpinge mkubwa mbele za watu? Si adabu."

Nikamfuata bosi mlangoni. Kabla sijafungua mdomo, akauliza, "Boti iko tayari?"

"Iko tayari, bosi."

Sasa ni usiku, mvua imeanza. Nimeandika ujumbe mara tatu. Kila mara naanza, "Samahani, bosi," kisha nafuta.