Mama na Msimu Ujao

Jumanne

Nimeshindwa kumwambia mama ukweli.

Mchana dada Furaha alipiga simu kutoka Kanada. Kikundi chao cha maigizo ya Kifaransa kimetangaza michezo ya msimu huu, na mchezo wangu haumo. Miaka miwili nimeuandika hapa kambi ya wakimbizi Nyarugusu, kwenye daftari za shule!

“Wameupenda,” akasema, “ila msimu umejaa. Wameusogeza msimu ujao. Barua ya kukualika itakuja wakati huo.”

Mama alikuwa anachambua maharage. Aliposikia hivyo kwenye spika ya simu akapiga vigelegele.

“Msimu ujao si mbali, mwanangu! Mvua zikianza tu, unaondoka.”

Huko msimu ni wa maigizo, si wa mvua. Unaanza Septemba, unaisha Mei. Ujao ni zaidi ya mwaka. Mwaka mzima hapa, na posho yenyewe inazidi kupunguzwa… Sijui tutafikaje.

Jioni mama amefunga mbegu za maharage kwenye kitambaa, kiganja kimoja tu. Nyingine kaziinjika jikoni tule leo tushibe.

Amesema mwaka huu atapanda kidogo, maana mlaji atakuwa mmoja.