Piga kasia, Papa Gloire

Tonton, mjomba wetu wa Yanonge,

Hapa hospitalini Kisangani mvua haikatiki na kwanga ya muhogo tunayokula ni baridi, lakini leo moyo umetulia. Ulisema mume wangu amebaki mwili tu, maana tangu ajali ya pikipiki hajasogeza hata kidole. Bon, leo wamemvika kofia ya nyaya inayoonyesha ubongo wake kwenye skrini.

Dokta akamwambia, «Waza unacheza mpira.» Hakuna kilichobadilika.

Nikaingilia: «Dokta, huyu mpira hajui kabisa, ni mtu wa mtumbwi!» Nikamwinamia sikioni: «Papa Gloire, piga kasia, turudi nyumbani.»

Picha ya ubongo ikawaka nyekundu! Nikimwambia apumzike, inafifia.

«Mama, anakusikia,» dokta akasema.

Mwanetu Gloire anakubusu sana, Tonton. Mtumbwi wa baba yake usiuuze. Leo mwenyewe ameupanda.

Mama Gloire